Chumba cha Nyuma Kiko Mezani

Jumapili, tarehe 3 Machi

Nimeshindwa tena. Februari nzima sikuinuka mezani na ushindi hata jioni moja. Sijavunjika moyo. Nilifundisha hesabu mpaka nikastaafu, na najua kipindi cha bahati mbaya kina mwisho wake kama mteremko wowote. Huu wangu ni mrefu tu.

Kwa faida ya yeyote atakayesoma haya nikiwa sipo, nieleze kidogo. Poka ni mchezo wa karata, na siku hizi tunaucheza kwenye simu. Meza yetu ina watu watatu: mimi, shemeji yangu na kinyozi wa pale kona. Tunaanza saa kumi na moja jioni, tunaacha jua likizama. Tunachezea sarafu za bandia zisizoweza kununua hata kiberiti. Kila mchezaji hupewa karata mbili anazoziona yeye peke yake. Halafu karata tano hufunuliwa katikati, za wote, na kila mtu huziunganisha na zake. Ukiwa na nzuri unapandisha dau. Ukiwa na mbovu unazitupa, au unajifanya una nzuri ili wenzako waogope na kutupa zao. Kwa hiyo siri ya mchezo ni moja tu: mtu asijue ulicho nacho mkononi. Mwanafunzi yeyote wa kawaida angelielewa hilo kabla ya kengele.

Shemeji ni mdogo wa mke wangu. Alikuwa daktari wa meno na mtaa mzima unamwita Koleo. Hucheza akiwa hapa kwetu, kwenye korido, kwa sababu anasema kwake mtandao unasuasua. Mimi hucheza kwenye chumba changu cha nyuma. Kati yetu kuna ukuta wa ubao.

Leo wakati wa chakula Koleo alianza uchokozi. Huku akichokonoa meno aliuliza kama mwalimu wa hesabu anaweza kuhesabu karata tano bila kutumia vidole. Nilimjibu kwa upole kwamba ni bahati mbaya tu. Akasema bahati mbaya ya mwezi mzima si bahati tena, shemeji, hicho ni kipaji.

Damu ikanichemka. Nilitangaza kwamba wiki hii ni ya mazoezi na Jumamosi ndiyo fainali. Nisipoibuka mshindi Jumamosi, nitatoa chumba cha nyuma. Sikumbuki vizuri chumba kilitokea wapi kwenye sentensi yangu. Mke wangu aliacha kupakua. Aliuliza, chumba chenye dirisha? Nikasema ndiyo, chenye dirisha. Akasema amesikia, na mdogo wake ni shahidi.

Mke wangu ni fundi cherehani. Anashona sare za shule. Cherehani yake iko kwenye korido, chini ya balbu moja, na tangu nistaafu amekiomba chumba kile mara kadhaa kwa sababu ya mwanga wa alasiri. Kila mara nilimweleza kwamba mtu anayefikiri anahitaji dirisha. Ndani nina meza, kiti cha mikono, na ubao mweusi niliouomba shuleni walipoleta zile nyeupe. Sina mpango wa kuvihamisha.


Jumatatu, tarehe 4 Machi

Mpango wa kwanza. Miwani ya jua.

Nimesoma kwamba wachezaji wakubwa huvaa miwani myeusi ili uso usiwasaliti. Nimeazima ya mke wangu, ile yenye vito vidogo pembeni. Aliniuliza ni nani atakayeniona usoni ikiwa nimejifungia peke yangu na simu. Nilimweleza kwamba kujificha huanzia ndani. Akasema haya, lakini nisiikalie.

Miwani ilinipa utulivu mkubwa. Ilinipa na tatizo moja. Karata nyekundu zote ziligeuka nyeusi. Nilihesabu shupaza tano, mkono mzuri sana, nikapandisha dau kwa kishindo. Koleo naye akapandisha bila hata kufikiri. Karata zilipofunuliwa, mbili kati ya shupaza zangu zilikuwa kopa, zile nyekundu. Nilisema kwa sauti, hapana, tena hapana, ebu tuangalie upya. Kwenye korido nilimsikia Koleo akikohoa kwa muda mrefu. Anapaswa kukiangalia kifua hicho.

Jambo moja zuri la kuandika. Nikianza kucheza, cherehani hunyamaza. Koleo humwambia dada yake apumzike kidogo, macho yatamuuma. Ana ubaya wake lakini anampenda dada yake.


Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimeshindwa vibaya kuliko jana. Sababu nimeipata. Ni mtandao.

Kifaa cha mtandao kimetundikwa kwenye korido, juu ya kiti cha Koleo. Kwa hiyo yeye anapata wa moto moto na mimi napata makombo. Nilisukuma meza yangu mpaka ikagusa ukuta wa ubao, nikakaa nimeegemeza bega palepale. Sasa mimi na kifaa tumetenganishwa na unene wa kidole.

Picha zilikuja haraka, sikatai. Nilicheza kwa mpangilio, nikijieleza kila hatua kama nilivyokuwa nikifanya darasani. Tuna malkia na tisa. Katikati kuna malkia mwingine. Je, tufanye nini? Tusubiri. Huo ndio mtindo wangu. Mwalimu mzuri hafikiri kimyakimya, maana fikra isiyotamkwa huwezi kuisahihisha.

Koleo alitupa karata kila nilipokuwa na nzuri. Kila nilipokuwa sina kitu alinifuata mpaka mwisho. Anacheza kama mtu aliyeniwekea kioo mgongoni. Nilipotoka kunywa maji nilimkuta amehamisha kiti chake, ameegemea ukuta, sikio limebonyea kidogo. Ameleta mto kutoka nyumbani kwake. Nilimuuliza kama mgongo unamsumbua. Akasema sana, shemeji, lakini ukuta huu unanisaidia.

Nimemwonyesha namna ya kukaa ili uti wa mgongo unyooke. Alishukuru.


Jumatano, tarehe 6 Machi

Mpango wa tatu, na ulikuwa mzuri kuliko yote. Jina jipya.

Mezani tunatumia majina ya kubuni. Mimi ni Mwalimu Mkuu, ingawa shuleni niliishia kuwa msaidizi, na hilo lilikuwa kosa la wizara. Leo niliwaandikia wenzangu kwamba sitacheza, naumwa na kichwa. Halafu nikaingia mezani kwa jina la Mgeni Kabisa. Nilipanga kuwasoma wakiwa hawanijui.

Nikafungua mchezo. Nikasema, haya, Mgeni Kabisa, tuanze na nne na saba, si kitu, tuzitupe. Nikazitupa. Papo hapo Koleo akaandika mezani: shikamoo Mwalimu, kichwa kinaendeleaje?

Nilipigwa na butwaa. Nikamshuku kinyozi, maana asubuhi nilipokuwa nanyolewa huenda niliugusia mpango ule. Nilifunga simu nikaenda mpaka kona kumkabili. Alikuwa anamnyoa mteja, simu imelala kando ya taulo. Alisema hajamwambia mtu, ila hata kama angetaka kunitunzia siri, ningempa nafasi lini? Akasema, "Mwalimu, ukikaa kwenye kiti hiki najua umekula nini, umelala saa ngapi na unaufikiriaje wembe wangu. Na sijakuuliza hata moja." Mteja akacheka mpaka kinyozi akalazimika kuinua wembe.

Nilimweleza tofauti kati ya mazungumzo na kutoa siri. Ilichukua muda kidogo. Mteja mwingine aliyekuwa akisubiri aliondoka.


Alhamisi, tarehe 7 Machi

Leo alasiri nilimkuta mke wangu chumbani kwangu na futi ya kushonea, anapima dirisha. Nilimuuliza anapima nini. Pazia, akasema. Nikamkumbusha kwamba Jumamosi bado. Akasema anajua, ndiyo maana anapima tu, hajakata.

Nilitaka kukasirika. Lakini alikuwa amekuja na suruali ya bluu nyeusi mkononi, na uzi wa bluu nyeusi, na sindano. Alisimama palepale dirishani ajaribu kuutia uzi. Ulipita pembeni. Akaulamba, akajaribu tena, ukapita pembeni. Mke wangu zamani alikuwa anatia uzi huku anaongea na mtu mlangoni, bila kuangalia. Nilimpokea sindano nikamtilia uzi. Sikueleza chochote, na yeye aliniangalia kama ambaye amesikia saa ya ukutani imesimama.

Kisha akaniambia neno. Alisema, "Baba, unajisemea. Ukichemsha chai unajisemea, ukivaa soksi unajisemea. Na ukuta huu ni ubao."

Nilimsikiliza kwa makini. Halafu nikamweleza. Nilimweleza kwamba sauti ni mtikisiko. Mtikisiko ukifika kwenye ukuta wa matofali unachoka na kufa, lakini ubao mwembamba hutikisika wenyewe na kuipeleka sauti upande wa pili, karibu yote, hasa ukiwa umeusogelea. Nikamchorea ubaoni mtu anayesema, ukuta na sikio. Nilichora sikio zuri sana. Aliutazama mchoro, akanitazama mimi, akautazama tena mchoro. Akauliza, kwa hiyo? Nikasema kwa hiyo ndiyo maana cherehani yake hunisumbua akishona asubuhi.

Alichukua suruali yake akatoka. Nilimsikia akimwambia Koleo, huko koridoni, kwamba amejitahidi na Mungu ni shahidi. Nilisikia kila neno. Ubao ule ni hatari.

Jioni nilifungua dirisha lote ili kichwa kipate hewa baridi. Mvua ikaingia. Sikutaka kukatisha hesabu, nikacheza nikiwa nimelowa upande mmoja. Nimeshindwa. Koo linawasha.

Ninaandika ukweli. Niliwaza kumpa chumba bila hata kusubiri Jumamosi. Wazo lilikaa nami kama nusu saa. Lakini nikimpa leo, Koleo atasema nimeogopa. Kwanza nishinde. Halafu nitakuwa na cha kutoa, badala ya kunyang'anywa.


Ijumaa, tarehe 8 Machi

Nimeshinda.

Naandika tena, kwa sababu mkono unapenda kuliandika. Nimeshinda.

Nimeamka sauti imekauka kabisa. Nikifungua mdomo kunatoka upepo. Mke wangu alinipaka dawa ya kuchua shingoni, akanizungushia kipande cha kitambaa cha sare, kile cha bluu nyeusi, akakifunga kwa pini. Siku nzima nimezungumza kwa vidole.

Saa kumi na moja nikakaa mezani. Kimya kitupu. Baada ya mkono wa kwanza Koleo aliuliza kupitia ukutani kama shemeji nipo. Niligonga ubao kuonyesha nipo. Baada ya mkono wa pili akachungulia mlangoni. Nilimwonyesha koo. Akaja na tochi, akanifungulia mdomo kama enzi zake, akaniambia niseme aaa. Sikuweza. Uso wake ulinyong'onyea kweli. Aliuliza itachukua muda gani sauti kurudi. Aliuliza kama nimejaribu maji ya moto. Sikujua kwamba ananijali kiasi hicho.

Nadhani wasiwasi ndio uliomwangusha. Alipandisha dau nilipokuwa na ree mbili, jozi kubwa kuliko zote. Alizikimbia karata zangu tupu. Alipotea kama mtu aliyezimiwa taa ndani ya nyumba ya watu. Jua lilipozama sarafu zote za korido zilikuwa kwangu, na za kinyozi nusu. Kinyozi aliandika: hongera Mwalimu, leo umetunyoa sisi.

Nilipotoka, mke wangu alikuwa amekaa kwenye cherehani, mguu juu ya kikanyagio bila kukikanyaga, mabega yanatikisika. Alimtazama mdogo wake. Akanitazama mimi. Akauliza, "Mwalimu, umeona sasa?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Nikamwonyesha kwa kidole kitambaa shingoni. Maana siri ni hiyo. Shingo ikipata joto, damu hupanda vizuri kichwani, na hesabu huja zenyewe. Nilikuwa nikihangaika na macho na mtandao na jina, kumbe ni shingo.

Alijifunika uso na suruali ya mtoto wa watu.


Jumamosi, tarehe 9 Machi

Asubuhi Koleo alifika kabla hata sijapiga mswaki. Kaleta asali na ndimu. Alikaa mpaka nilipomaliza kikombe, akanichemshia kingine, na kila baada ya muda akaniomba niseme neno lolote tu. Kufikia saa nane nilikuwa nakoroma maneno. Kufikia saa kumi nilikuwa na sauti yangu yote, na hata ziada. Alinipiga begani akasema huyu ndiye shemeji ninayemjua. Nilikuwa nimemdhania vibaya mtu yule.

Nilijiandaa vizuri. Kitambaa shingoni, mizunguko miwili. Miwani ya jua nimeipandisha kwenye paji la uso, kwa akiba. Meza nimeibana ukutani. Dirisha nimefunga. Jua la alasiri lilikuwa linaingia kupitia kioo na kulala juu ya meza, na nilijikuta nimeweka kiganja changu pale kama anayemshika ng'ombe asiuzwe.

Tulianza. Mambo yakawa magumu, sijui kwa nini. Kitambaa kilikuwa kilekile. Nilikaza pini. Kinyozi aliishiwa sarafu mapema, akaandika kwamba anarudi kwenye mkasi, angalau mkasi anauelewa. Tukabaki wawili, mimi na Koleo, yeye akinizidi sarafu kiasi.

Ndipo ikaja. Wafalme wawili mkononi mwangu, wa kopa na wa shupaza. Na katikati ya meza, mfalme wa uru. Nilivuta pumzi. Nikasema, haya sasa, tuna wafalme watatu, tusiwe na pupa, tupandishe kidogo kidogo ili mwenzetu aingie mwenyewe.

Sikumaliza sentensi. Cherehani ililia koridoni kama pikipiki iliyokosa breki. Nilimsikia Koleo akimwomba dada yake apumzike, dada, macho yako. Dada akamjibu kwamba sare ni za Jumatatu na macho ni yake. Akakanyaga zaidi.

Sikuweza kujisikia mwenyewe. Mtu huwezi kufikiri kwa utaratibu katika kelele kama ile. Kwa hiyo nikapandisha sauti kidogo. Cherehani ikaongeza mwendo. Nikapandisha tena. Ikaongeza tena. Mwishowe nilitoa sauti ile niliyokuwa nikiitumia kwa wanafunzi wa dawati la nyuma kabisa, wakati wa mvua, kwenye paa la bati. WAFALME. WATATU. TUNGOJE.

Koleo akatupa karata zake. Wafalme wangu watatu waliambulia sarafu za kuanzia tu.

Mkono uliofuata nilipata mbili na tisa. Takataka. Lakini mchezo huu ni wa moyo. Nilitangaza, kwa sauti ileile maana cherehani ilikuwa bado inanguruma, kwamba hatuna kitu kabisa, ila tutamtisha kwa sarafu zote na atakimbia. Nikasukuma zote. Hakukimbia. Alikuwa na jozi ya sita, karata ambazo mtu mwenye akili timamu asingezitetea. Sikupata kitu chochote katikati.

Kwisha.

Cherehani ikanyamaza. Mke wangu alikuja akasimama mlangoni, jasho linamtoka, anajisugua goti. Aliniangalia muda mrefu. Niliitambua ile sura. Mimi mwenyewe nilikuwa nayo kila nilipomwachia mwanafunzi jibu ubaoni na bado akakosa. Akasema, "Baba, nimekupigia cherehani mpaka mguu umekufa ganzi."

Nilimwambia asijilaumu. Kelele zilichangia, sikatai, lakini zisingeweza kuwa sababu yote.

Alishikilia fremu ya mlango. Sijui alikuwa anacheka au analia. Kesho nitahamisha vitu.


Jumapili, tarehe 10 Machi

Siku ya mambo mengi. Nitayaandika kwa mpangilio.

Baada ya chai mke wangu alituita chumba cha nyuma, mimi na mdogo wake. Alinikalisha kwenye kiti changu. Akamwamuru Koleo asimame. Akamwambia aeleze. Koleo akajifanya haelewi aeleze nini. Akamwambia, "Eleza mto ule ni wa nini." Koleo akakuna kisogo, akaanza kusema mgongo, mgongo. Dada yake akamkata kauli. Akasema tangu utotoni anachungulia madaftari ya wenzake, kang'oa meno ya watu miaka yote ile na tabia yake mwenyewe haijang'oka.

Basi akaungama. Februari yote alikuwa ananisikia. Kila karata. Kuna siku, alisema, nilizieleza vizuri hata akaelewa makosa yake mwenyewe. Alisema Ijumaa ilikuwa siku mbaya kuliko zote maishani mwake, alikuwa anacheza kama kipofu. Alitubu huku akicheka, halafu akaacha kucheka, akasema samahani shemeji. Nilimuuliza kama maelezo yangu yalikuwa yanaeleweka hata nikisema haraka. Akasema yalieleweka sana. Nilimsamehe.

Mke wangu akasema dau limekufa. Hakitaki chumba cha wizi. Nikitaka nibaki na dirisha langu.

Niliangalia dirisha. Niliangalia na vidole vyake, vile vilivyokuwa vinashika pindo la gauni kama mtu anayejifanya hajali. Nikamwambia kwamba nimeshindwa kwa mdomo, na mdomo ni wangu, haukuazimwa na mtu. Chumba ni chake. Kwa mara ya kwanza wiki hii nilieleza jambo kwa maneno machache, na halikuhitaji zaidi.

Koleo alihukumiwa kubeba. Alibeba cherehani peke yake, akilalamika kuhusu mgongo, na dada yake akimwambia auegemeze ukutani, si unamsaidia. Tuliiweka chini ya dirisha. Ubao mweusi umebaki ukutani, ameniambia ataandikia vipimo vya wateja. Hajafuta lile sikio.

Alasiri nilipita mlangoni. Jua lilikuwa limeingia lote, limelala juu ya kitambaa. Mke wangu alichukua uzi wa bluu nyeusi, akaulamba, akautia kwenye sindano. Mara moja. Aliinua kichwa kuona kama nimeona. Nilikuwa nimeona. Alianza kuimba kidogo kidogo, kitu ambacho sijakisikia tangu watoto wahame. Kama huku ndiko kushindwa, sina malalamiko makubwa.

Sasa mimi niko koridoni, na meza yangu, chini ya balbu. Mtandao uko juu ya kichwa changu. Faida hiyo. Na kwa amri ya dada yake, Koleo atacheza sebuleni. Kati yetu kuna ukuta mwingine. Nimeugonga. Nao ni wa ubao.

Hapo ndipo nilipopata mpango, na naandika hapa kwa utulivu kwamba hauna kasoro. Niliyoyajua leo ni silaha. Adui anasikia ninachosema. Vizuri. Basi kuanzia kesho nitasema kwa sauti karata ambazo sina. Nikisema wafalme, sina kitu. Nikisema sina kitu, ninao wafalme. Atatupa pale ambapo angeshinda, atapandisha pale ambapo angekimbia. Itakuwa Ijumaa kila siku.

Nimefanya mazoezi jioni hii. Nilisema, sasa nitatangaza ree mbili, ingawa kwa kweli nina tatu na nane. Ilitoka vizuri. Mke wangu alinijibu kutoka chumba cha nyuma kwamba amesikia yote mawili.

Koleo alikuwa bado hapa, anajichua mgongo, sura imemshuka. Nilimhurumia. Vilevile si haki kumshinda mtu ambaye hajui ameshindwaje. Huo si ushindi, ni ajali. Kwa hiyo nilimkalisha nikamweleza mpango wote, hatua kwa hatua, na mifano miwili kwenye karatasi, mmoja wa wafalme na mmoja wa karata tupu. Nilimuuliza kama ameelewa. Alisema ameelewa kabisa, hajawahi kufundishwa vizuri namna hii. Akauliza kama kesho anaweza kuja mapema.